Ufundi wa Buibui Mchanga

Utando wa duara ni mtego uliofumwa kwa hariri, na fundi wake ni buibui. Katikati ya baadhi ya tando hizo huonekana pambo jeupe: pengine kisahani kilichojaa nyuzi, pengine mstari wa zigizaga, pengine mikono minne iliyokutana mfano wa herufi X. Pambo hilo huanza kufumwa wakati buibui ana urefu wa milimita chache tu, hubadilika kadiri anavyokua, na limewashughulisha wataalamu wa viumbe kwa zaidi ya miaka mia moja.

Mwanakwerekwe, katika Wilaya ya Magharibi B ya Unguja, hujulikana kwa soko lake, mahakama yake, makaburi yake makubwa na daladala zinazopita kwenda Fuoni na mashamba. Anayetaka kuona viumbe wa porini huelekezwa msitu wa Jozani, au ule wa Masingini ulio karibu zaidi na mji. Lakini buibui mfumaji hadai msitu. Hutaka vijiti viwili vya kufungia uzi, uwazi wa kupitisha upepo baina yake, na wadudu wanaoruka. Hayo yote yamo katika nyua za michongoma na minyaa, katika mihogo na migomba iliyo nyuma ya nyumba, katika viwanja vilivyozungushiwa ukuta na kuachwa bila kujengwa, na katika majani marefu yanayoinuka kando ya kuta masika inaponyesha. Maji yanapotuama mabondeni, mbu na vijidudu vingine huzaana, na anayewala hafuati mbali.

Wafumaji wa duara wanaotajwa sana kwa mapambo ni wa jenasi ya Argiope, katika familia ya Araneidae. Jike aliyekomaa ni rahisi kumtambua. Hukaa katikati ya utando mchana kutwa, kichwa chini, miguu yake minane ameiunganisha miwili miwili hata ikaonekana minne. Mgongo wake una rangi ya fedha, na tumbo lina mistari ya njano na nyeusi. Katika spishi kubwa urefu wa mwili hufikia milimita 20 na zaidi. Dume ni mdogo mno kwake, na mara nyingi hukaa pembeni mwa utando wa jike bila kufuma wake. Afrika Mashariki imo katika makazi ya Argiope australis, Argiope flavipalpis na Argiope trifasciata, miongoni mwa nyinginezo.

Buibui wa eneo hili waliingia mapema katika vitabu vya sayansi. Mwaka 1873 Mjerumani Adolf Gerstaecker alichapisha maelezo ya wadudu na buibui waliokusanywa katika safari za Carl Claus von der Decken Afrika Mashariki. Mwaka 1895 Wilhelm Bösenberg na Heinrich Lenz wakachapisha kazi nyingine kuhusu buibui waliokusanywa Afrika Mashariki na Franz Stuhlmann mwaka 1888 na 1889. Vitabu hivyo vilishughulika na maiti ndani ya chupa za spiriti: rangi, idadi ya miiba miguuni, mpangilio wa macho. Kazi ya buibui mwenyewe haiingii chupani. Utando huachwa pale pale kichakani, na asiyekwenda kuutazama asubuhi hawezi kuusoma kwa njia nyingine.

Maisha ya mfumaji huanza ndani ya kifuko cha hariri. Jike wa Argiope hutaga mayai mamia kadhaa kwa mara moja, akayafunika kwa tabaka za nyuzi na kukining'iniza kifuko karibu na utando wake. Wana huanguliwa humo humo, na hujivua gamba mara ya kwanza kabla ya kutoka. Wakishatoka hukaa siku chache wamesongamana katika nyuzi zilizovurugana. Kisha hutawanyika: kila mmoja hupanda ncha ya jani, huinua tumbo, huachia uzi mwembamba hewani, na upepo humchukua. Wengine hutua hatua chache kutoka walipozaliwa; wengine huvuka ukuta, barabara, hata maji. Wengi hufa kabla ya kufuma hata utando mmoja. Anayebaki hushika kijiti chochote alichotulia na kuanza kazi, bila mama wala mwenzake wa kumwonyesha.

Kazi yenyewe ina mpango usiobadilika. Kwanza hutolewa uzi wa daraja, unaobebwa na upepo hadi unase upande wa pili. Buibui huuvuka, huuimarisha, kisha hushuka kutoka katikati yake na kuvuta uzi wa chini, na hapo hupatikana umbo la herufi Y. Mahali mikono mitatu ya Y inapokutana ndipo patakapokuwa kitovu. Kutoka hapo hufungwa nyuzi za fremu pembezoni, na nyuzi za miale zinazotoka kitovuni kwenda kwenye fremu, moja baada ya nyingine. Kila mara buibui huweka mwale upande mmoja kisha upande mwingine, mvuto usije ukaelemea mahali. Miale ikishatimia, huzungusha uzi wa muda kutoka ndani kwenda nje, wenye nafasi pana, wa kukanyagia tu. Mwisho hugeuka na kurudi kutoka nje kwenda ndani, akiweka uzi wenye ulimbo, uzi wa kunasia, huku akiukata ule wa muda na kuuondoa. Hupima nafasi ya mzunguko kwa mzunguko kwa miguu yake, kwani macho yake manane hayaoni vizuri na mara nyingi kazi hufanyika gizani au alfajiri.

Kila uzi una tezi yake. Tezi kubwa moja hutoa uzi mgumu wa fremu na miale. Nyingine hutoa uzi mnyumbufu wa mzunguko. Nyingine hutoa ulimbo unaojikusanya kuwa matone madogo sana juu ya uzi huo. Nyingine hutoa gundi ya kubandikia ncha za nyuzi kwenye jani au ukuta. Nyingine huzalisha hariri ya kifuko cha mayai, nayo hufanya kazi kwa jike aliyekomaa tu. Kuna pia tezi zinazotoa vijiuzi vingi vyembamba kwa pamoja, vikitoka kama utepe. Kwa utepe huo buibui humviringisha mdudu aliyenaswa mpaka asiweze kutikisika. Na kwa utepe huo huo hufuma pambo. Mapambo hayana malighafi yao peke yao: yanatumia sanda ya mawindo.

Mwanadamu hujifunza ufundi kwa kukosolewa. Anayejifunza kusuka ukili hukaa karibu na anayejua, husuka pima moja, hufumuliwa, husuka tena, mpaka vidole vizoee kuhesabu miyaa bila macho. Buibui mchanga hapiti huko. Utando wake wa kwanza huwa mdogo lakini una fremu, miale, kitovu na mzunguko wenye ulimbo, kila kitu mahali pake. Buibui waliolelewa katika vichupa finyu wasipoweza kufuma chochote, walipofunguliwa walifuma tando za duara za kawaida. Mpango amezaliwa nao.

Kuzaliwa na mpango hakumaanishi kwamba kichwa hakifanyi kazi. Mwaka 1973 buibui wawili wa spishi ya Araneus diadematus, waliopewa majina ya Arabella na Anita, walipelekwa katika kituo cha anga cha Skylab kwa wazo la Judith Miles, mwanafunzi wa sekondari kutoka Lexington, Massachusetts, Marekani. Buibui hutumia uzito wa mwili wake kujua juu na chini, na huko uzito haukuwepo. Tando za mwanzo zilikwenda ovyo. Baada ya siku kadhaa Arabella alifuma utando wa duara uliokamilika, ingawa nyuzi zake zilikuwa nyembamba na unene wake haukulingana. Mpango ulikuwa ule ule. Njia ya kuutekeleza ilitafutwa upya.

Udogo nao si kizuizi. William Eberhard, wa taasisi ya Smithsonian ya utafiti wa kitropiki iliyoko Panama, alipima makosa ya nafasi baina ya mizunguko katika tando za buibui wakubwa na wa buibui wadogo kupindukia. Wadogo hawakukosea zaidi. Mwaka 2011 watafiti wa taasisi hiyo walieleza kwamba katika baadhi ya buibui hao, hasa wachanga, ubongo ni mkubwa kiasi cha kujaa kifuani na kuingia hadi miguuni. Mwili umekuwa mdogo, lakini ufundi haukupunguzwa ili uenee.

Kila siku, au karibu kila siku, kazi hurudiwa. Usiku unapokaribia kwisha buibui huikusanya hariri ya jana na kuila, akabakiza nyuzi chache za fremu. David Peakall alionyesha mwaka 1971 kwamba sehemu kubwa ya protini ya utando ulioliwa hurudi katika hariri mpya, na kwamba hilo huweza kutokea ndani ya nusu saa. Utando wa leo umefumwa kwa utando wa jana. Kwa hiyo hakuna utando unaostahili kuitwa wa mwisho au bora kuliko wote. Kuna wa leo, uliopimwa kwa upepo wa leo, njaa ya leo na nafasi iliyobaki leo baina ya matawi.

Pambo huja baada ya ulimbo. Buibui mchanga wa Argiope hurudi kitovuni, huimarisha nyuzi za hapo, kisha huanza kupeleka ncha ya tumbo kulia na kushoto. Kila inapogusa mwale huubandika utepe wa vijiuzi vyeupe, na kila anapomaliza upana mmoja husogea kidogo na kuuanza mwingine. Katika spishi nyingi za jenasi hii, wachanga huzunguka kitovu namna hiyo mpaka pambo likawa kisahani kizito, cheupe, kipana kidogo kuliko buibui mwenyewe akiwa amenyoosha miguu. Kisha hukaa juu yake, upande unaotazama chini. Kwa kuwa mwili wake bado una rangi hafifu, mtu anayepita huona doa jeupe tu lililoning'inia hewani. Mwenye doa haonekani.

Akisumbuliwa, buibui huyu hana jibu moja. Kivuli cha mkono kikimkaribia, hupenya ukingoni mwa kitovu na kuhamia upande wa pili wa kisahani, kikawa ngao baina yake na adui. Mkono ukizunguka, naye hurudi alikotoka. Akiguswa kidogo huutikisa utando mbele na nyuma kwa nguvu mpaka mwili na pambo vikawa ukungu mmoja usioeleweka wapi pa kushika. Hatari ikizidi hujiachia kwa uzi na kuangukia majani, akatulia huko mpaka kukatulia, kisha hupanda uzi ule ule na kurudi kazini.

Kisahani hakidumu. Baada ya kujivua gamba mara kadhaa buibui huanza kukiacha. Kitovu hubaki na utando mwepesi wa nyuzi, na mahali pa kisahani huja mistari ya zigizaga: katika Argiope trifasciata kwa kawaida ni mstari wa wima juu na chini ya kitovu, katika spishi nyingine ni mikono minne ya mshazari, kila mmoja ukiwa mbele ya jozi ya miguu kana kwamba ni mwendelezo wa mguu. Umbo la utando lenyewe hubadilika pia. Kwa wachanga kitovu hukaribia kuwa katikati kabisa; kwa wakubwa hupanda juu, na sehemu ya chini huwa pana zaidi, kwa kuwa buibui mzito hushuka kwa kasi kuliko anavyopanda. Wala si kweli kwamba kila spishi ina muhuri wake usiobadilika. Buibui yule yule huweza kufuma mikono minne leo, mmoja kesho, na keshokutwa asiweke chochote.

Majirani zake wa Unguja hupamba kwa njia nyingine. Cyclosa, buibui mdogo wa kijivu, hupanga mabaki ya wadudu aliowala, vipande vya majani na magamba aliyojivua katika mstari unaopita kitovuni, kisha hujipachika ndani ya mstari huo kama kipande kimoja cha takataka. Gasteracantha, mwenye tumbo gumu lenye miiba na rangi za kung'aa, hutundika vishada vidogo vya hariri nyeupe kwenye nyuzi za utando wake. Buibui wa familia ya Uloboridae, wasio na sumu kabisa, hunasa kwa manyoya ya hariri badala ya ulimbo, na baadhi yao huweka mapambo ya mstari au ya mzunguko. Trichonephila, mwenye utando mkubwa wa rangi ya dhahabu, hupamba kwa nadra. Ukoo mmoja haukurithi pambo kwa mwingine: tabia hii imezuka peke yake mara kadhaa katika historia ya wafuma-duara. Kinachowaunganisha wapambaji ni kwamba karibu wote hukaa kitovuni mchana, mbele ya macho ya kila kiumbe. Wale wanaojificha mchana na kutoka usiku hawapambi.

Maelezo ya kwanza yalitolewa na Mfaransa Eugène Simon mwaka 1895. Yeye aliliita pambo hilo stabilimentum, akiamini kwamba linaukaza utando usiyumbe. Jina limebaki, lakini maelezo yenyewe hayakusimama vizuri: mapambo mengi yamebandikwa kwa ulegevu mno hata yasiweze kukaza kitu, na utando usio na pambo husimama sawasawa na wenye pambo.

Maelezo ya pili yanahusu ndege. Mwaka 1983 Thomas Eisner na Stephen Nowicki walibandika vipande vyeupe vya karatasi kwenye tando zisizo na mapambo. Zile zenye alama zilidumu zaidi asubuhi kuliko zile zisizo na alama, nao wakaeleza kwamba ndege huiona alama na kukwepa. Utando kuvunjwa na ndege ni hasara kubwa kwa anayeishi kwa protini anayoila upya kila alfajiri. Yapo pia mambo ambayo alama haiwezi kuzuia: ndege aitwaye chozi, kwa mfano, huifuata hariri ya buibui makusudi kwa ajili ya kufungia kiota chake.

Maelezo ya tatu yanahusu mawindo. Catherine Craig na Gary Bernard walionyesha mwaka 1990 kwamba hariri ya pambo la Argiope hurudisha mionzi ya urujuanimno, mionzi ambayo mwanadamu haioni lakini wadudu wengi huiona, na maua mengi huitumia kuwaita. Kwa hoja hiyo pambo ni chambo. Miaka tisa baadaye Todd Blackledge na John Wenzel wakapata kinyume chake katika Argiope aurantia: tando zenye mapambo zilinasa wadudu pungufu kwa karibu theluthi moja. Kwa hiyo pambo lina gharama, na buibui anayelilipia lazima anapata faida kwingine.

Faida hiyo Blackledge na Wenzel walionekana kuikaribia mwaka 2001. Walitazama nyigu wajengao kwa udongo, wale ambao aina zao za hapa huacha vibumba vya matope kwenye kuta na mapaa ya nyumba za Unguja nzima. Kibumba kimoja kikivunjwa hukutwa ndani yake buibui kadhaa waliolemazwa kwa sumu, wamepangwa kuwa chakula cha kiluwiluwi wa nyigu, na wengi wao huwa wafuma-duara wachanga. Katika majaribio ya Marekani, Argiope trifasciata waliokaa kwenye tando zenye pambo walinusurika na nyigu hao zaidi kuliko wasio na pambo. Anayekufa njaa polepole ana siku nyingine ya kujaribu. Anayechukuliwa na nyigu hana.

Lakini ngao ya adui mmoja ni mwaliko kwa mwingine. Portia ni jenasi ya buibui warukao wenye macho makali, iliyopewa jina na Ferdinand Karsch mwaka 1878 kwa buibui wa Afrika, Portia schultzi, anayepatikana pia katika pwani ya Kenya. Hula buibui wenzake. Huingia ukingoni mwa utando wa mwingine na kuzikwanyua nyuzi kwa namna ya mdudu aliyenaswa, mwenye utando akaja mwenyewe. Huko Singapore, Seah Wee Khee na Li Daiqin walionyesha mwaka 2001 kwamba Portia labiata huvutwa na tando zilizopambwa za Argiope versicolor. Mwaka 2004 Li na mwenzake wakaongeza jambo linalowahusu wachanga hasa: watoto wa Argiope versicolor walipohisi dalili za kemikali za Portia, walipunguza kupamba. Buibui wa milimita chache, asiyepata kumwona adui huyo, alibadilisha kazi yake kwa harufu tu.

Yako na maelezo mengine yasiyopingana na hayo. Buibui aliyeshiba hupamba zaidi ya mwenye njaa, na mwenye njaa huongeza ukubwa wa mtego badala ya pambo. Siku moja kabla ya kujivua gamba, Argiope keyserlingi wa Australia hufuma mapambo mazito kuliko kawaida. Utando ukiharibiwa vibaya, spishi hiyo hiyo huongeza pambo katika utando unaofuata. Tezi za utepe zikizoeshwa kufanya kazi nyingi ya kuviringisha mawindo, hutoa hariri nyingi ya kupambia. Hali ya tumbo, hali ya ngozi, ajali ya jana na harufu ya adui, vyote vinaingia katika mstari mmoja mweupe.

Kosa la mjadala huu kwa muda mrefu lilikuwa kutafuta sababu moja. Aliyeuliza "pambo ni la nini?" alitaka jibu moja kwa spishi zote, rika zote na mahali pote. Wachanga wa Argiope wanaonyesha kwamba swali lilikuwa finyu kuliko kazi yenyewe. Kisahani cha mtoto kinaweza kuwa ngao, na mikono minne ya mama yake ikawa alama au chambo. Kitu hicho hicho kikaokoa mbele ya nyigu na kuangamiza mbele ya Portia. Fundi anasifiwa kwa kawaida kwa kurudia ruwaza bila kukosea. Buibui anastahili sifa kubwa zaidi: fremu, miale na mzunguko haviruhusu vikosewe, na katika pambo hujipa uhuru wa kubadilisha kila asubuhi kwa kadiri ya hali.

Wanadamu wamewahi kuitaka hariri hiyo kwa ajili yao. Madagaska, mwishoni mwa karne ya 19, mmisionari Mfaransa Paul Camboué alijaribu kuikamua hariri ya buibui wa dhahabu kwa mashine. Kazi hiyo ilirudiwa zaidi ya karne moja baadaye na Simon Peers na Nicholas Godley, ambao joho lao la hariri ya dhahabu, lililoonyeshwa katika makumbusho ya Victoria and Albert, London, mwaka 2012, lilihitaji buibui wapatao milioni 1.2 waliokamatwa, wakakamuliwa na kuachiliwa. Vazi lilikuwa zuri, lakini haikupatikana biashara. Buibui hawafugiki pamoja kama nondo wa hariri, kwani hulana.

Katika Zanzibar heshima ya buibui haikungoja makumbusho. Sura ya 29 ya Kurani imepewa jina lake, na humo nyumba yake imetajwa kuwa mfano wa udhaifu kwa anayeegemea kisichokuwa Mungu. Katika masimulizi ya Hijra ya mwaka 622, ni utando wake uliofumwa mlangoni mwa pango la Thaur uliowafanya wanaomsaka Mtume na Abubakar wageuze njia. Ndiyo maana wazee wengi humkataza mtoto asimuue. Mambo mawili hayo hayapingani na yanayoonekana uani: nyumba hiyo huvunjwa kwa kidole, na bado hutosha kumrudisha nyuma mwenye nguvu.

Kuutazama utando hakuhitaji vifaa vya gharama. Wakati mzuri ni baada ya sala ya alfajiri, umande ukiwa bado haujakauka, kwani matone huzionyesha nyuzi zote. Umande usipokuwepo, maji yakipuliziwa kama ukungu hufanya kazi hiyo. Kitambaa cheusi kikishikwa nyuma ya utando huonyesha mizunguko iweze kuhesabiwa na kupigwa picha kwa simu. Poda ikipeperushwa kidogo hudhihirisha nyuzi zaidi, lakini huua ulimbo na kumlazimisha buibui afume upya, kwa hiyo isitumiwe ovyo. Utando usiguswe. Ufungiwe kitambaa kwenye tawi la jirani kama alama, kisha yaandikwe mambo matano kila asubuhi: tarehe, urefu wa buibui, umbo la pambo, ukubwa wa duara, na kama mvua ilinyesha au upepo ulivuma. Buibui huyo huyo akifuatwa tangu kisahani hadi mstari, daftari litaonyesha lini alibadilisha, na lini hakupamba kabisa.

Walimu wa sayansi wa Mwanakwerekwe na kwingineko Unguja wana hapo maabara isiyo na ada, yenye fundi anayeanza kazi upya kila siku. Kabla ya kufyeka ua wote kwa pamoja, uachwe upande mmoja ukue mpaka vuli ipite, na wanafunzi wapewe daftari.